Resi ya Nyutro

Matatu za Kawangware zikiwa tao jioni zina lugha yake. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linasogea mbele kidogo halafu linarudi nyuma. Makanga anagonga bodi: "Wa mwisho, gari inatoka!" Unakimbia, unaingia, unapata viti vitano viko wazi. Kijana aliyeketi karibu na mlango anashuka. Kumbe alikuwa wa steji, amelipwa kujaza kiti. Resi inapigwa tena, safari hii kwa ajili ya atakayekuja baada yako.

Mimi hiyo lugha niliijulia ndani ya gari. Karo iliponishinda mwaka wa pili, niliondoka chuo, na kwa miezi kadhaa nikawa nakusanya nauli kwenye nissan ya abiria 14 ambayo mjomba wangu alikuwa akiendesha.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: kwanza pesa ya mwenye gari, halafu dizeli, kisha kinachobaki ndicho chetu. Maana yake, kila resi pale steji ilitoka mfukoni mwetu. Gia ikiwa nyutro, injini haijashikana na magurudumu. Mafuta yanaungua, moshi unawafukiza wauza njugu, na hujasonga hata hatua moja. Tarehe 14 ya mwezi, EPRA ikitangaza bei mpya za mafuta, mjomba alikuwa mtu wa kunyamaza.

Asubuhi alikuwa mkali zaidi. "Wewe kijana, usiiamshe kwa fujo." Usiku oili huteremka chini ya injini. Ukiikanyaga kabla oili haijapanda na kuenea, vyuma vinasagana karibu vikavu.

Lakini si kila ngurumo ni hasara. Tukipanda Valley Road tukiwa tumejaa, aliteremsha gia hadi ya pili na injini ikalia kwelikweli. Hapo ilikuwa inafanya kazi: kwa gia ndogo injini inazunguka haraka na kupata nguvu ya kuvuta mzigo. Ungeng'ang'ania gia kubwa, gari lingetetemeka na kukaribia kuzima. Kwenye mteremko aliiacha gia hiyo hiyo ndogo na kutoa mguu kwenye mafuta. Injini ikalia tena, ila sasa ilikuwa inalishika gari, ili breki zisipate moto.

Sheria nayo inaangalia kwingine. Tangu kanuni za waziri John Michuki zianze kufanya kazi Februari 2004, matatu inatakiwa kuwa na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Gavana inapima mwendo. Gari likiwa limesimama, mguu wa dereva uko huru.

Nilimuuliza mjomba kwa nini basi anachoma dizeli yake mwenyewe. Akanijibu kwamba amewahi kuzima injini na kungoja kwa ustaarabu. Abiria walimpita wakaenda kuingia gari la nyuma lililokuwa likinguruma, ingawa lilikuwa na watu wachache kuliko lake. Sisi abiria ndio tunanunua hiyo kelele. Hakuna anayetaka kuingia gari lililotulia.

Nimelifikiria hilo sana tangu nianze kuandika. Ukiacha chuo Nairobi, kila mtu anakuuliza, "Uko wapi siku hizi?" Ukisema uko nyumbani unaandika, wanakuona umeegeshwa. Ukisema kuna dili kubwa linakaribia, wanakununulia chai. Mimi husema niko nyumbani naandika, na chai najinunulia.

Na ukiwa na haraka ya kufika Kawangware, mjomba alinipa njia ya kuchagua gari. Achana na sauti. Chungulia dirishani uangalie mkono wa kushoto wa dereva. Kama uko kwenye simu, hiyo gari bado. Kama uko kwenye gia, ingia.