"Kichwa chini!" Kauli iliyoelekea kumuumiza mgongo binti yangu

Nikisema binti yangu wa miaka 11 anacheza gofu, watu huniangalia mara mbili. Wanadhani tuna fedha. Hatuna. Kaka yangu ni kedi hapa Moshi, yaani hubeba mabegi ya wachezaji na kuwaelekeza uwanjani, na jioni makedi huruhusiwa kuwafundisha watoto wao. Binti alianza kumfuata mjomba wake akiwa na miaka 9.

Mwaka huu akaanza kulalamika mgongo. Mwanzoni ilikuwa akitoka mazoezini tu, baadaye hata akiinama kufagia. Wazazi wenzangu, mtoto wa umri huo hapaswi kuumwa mgongo wiki baada ya wiki, kwa hiyo tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akasema mifupa iko salama, ila misuli ya kiuno imechoshwa. Akaagiza apumzike gofu kwa wiki 4. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Huwa mnamwambia asimameje?"

Hapo ndipo mimi, nisiyejua hata kushika fimbo, nilipoanza kuufuatilia mchezo huu.

Ukiutazama kwa mbali unaweza kudhani ni kazi ya mikono. Mpira wa gofu una kipenyo cha kama milimita 43, nao umetulia chini. Fimbo inapanda hadi juu ya bega, inashuka kwa kasi, na inatakiwa irudi palepale ilipoanzia. Mwili ukipanda au kushuka sentimita 2 tu katikati ya safari hiyo, fimbo huchota udongo au hugonga mpira kwa juu.

Ndiyo maana watoto wengi wa gofu wameambiwa, "Kichwa chini!" Jack Nicklaus wa Marekani, aliyeshinda mashindano makubwa 18, amesimulia kwamba utotoni msaidizi wa kocha wake alikuwa akimshika nywele ili kichwa kisicheze.

Kwetu hakuna aliyeshika nywele za mtu. Ila mume wangu alikuwa akisimama pembeni kila Jumamosi, na mpira ukienda kombo anapaza sauti: "Kichwa!" Mtoto alitii kwa namna anayoijua. Alikaza shingo, akakaza mabega, akakaza na nyonga. Lakini fimbo lazima izunguke. Nyonga zikigoma kuzunguka, kiuno ndicho kinachosokotwa. Na fimbo zenyewe zilikuwa za mtu mzima, zimekatwa kwa msumeno. Urefu ulipungua, uzito wa chini ukabaki, akawa anajirusha nyuma ili kuzinyanyua.

Kaka alinieleza kwa mfano nilioushika papo hapo. "Dada, wewe umebeba ndoo kichwani tangu utoto. Ulikuwa unakakamaa?"

Hapana. Anayekakamaa humwaga maji. Kichwa hutulia kwa sababu magoti na nyonga vinacheza chini yake.

Gofu nayo ni hivyo. Mtoto anasimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, anainama kwa kukunja nyonga bila kupinda mgongo, mikono inaning'inia yenyewe. Mwinamo huo wa mgongo ndio wa kutunza mpaka mpira uondoke. Vingine vyote viko huru. Mabega yanageuka, nyonga zinafuata, uzito unaenda mguu wa nyuma kisha unahamia wa mbele. Mwishoni tumbo linatazama mpira ulikokwenda, na kisigino cha nyuma kimenyanyuka.

Hata kichwa kina ruhusa ya kugeuka. Annika Sörenstam wa Uswidi, aliyemaliza raundi kwa mipigo 59 mwaka 2001, alijulikana kwa kugeuza uso mapema, fimbo ikiwa ndiyo kwanza inaufikia mpira. Macho yaliondoka, mgongo ukabaki kwenye mwinamo wake.

Lakini la binti yetu halikuwa la mgongo peke yake. Wakati wa mapumziko mjomba wake alimuuliza kwa upole, "Kwa nini unainuka kabla ya kumaliza? Unatafuta mpira?" Akajibu, "Hapana mjomba. Namwangalia baba kama amekasirika."

Mume wangu alikuwepo. Hakusema kitu. Jumamosi iliyofuata hakupaza sauti, na tangu siku hiyo husimama nyuma ya mtoto, mahali ambapo hawezi kuonekana.

Wiki 4 zilipokwisha, alirudi kwa mazoezi mawili yasiyohitaji fimbo. La kwanza ni la ukutani. Anaupa ukuta mgongo, anainama mpaka makalio yaguse, anakunja mikono kifuani. Akigeuka kulia, kalio la kulia linabaki ukutani. Akigeuka kushoto, la kushoto linachukua nafasi. Yote mawili yakiachia ukuta, ujue amesimama kabla ya wakati.

La pili ni la jua la jioni. Anasimama jua likiwa nyuma yake, anaweka mpira kwenye kivuli cha kichwa chake, kisha anazunguka polepole. Kichwa kikigeuka hakuna shida. Kivuli kikiuhama mpira na kwenda pembeni, mwili mzima umeyumba. Anajiona mwenyewe na kujirekebisha, bila mtu kumwambia neno.

Fimbo za msumeno tumeziweka kando. Kaka alipata 3 za watoto, nyepesi, zilizokwishatumika, kutoka kwa mchezaji ambaye mwanawe amezikua. Zinatosha kuanzia.

Kama mwanao anacheza gofu, au mchezo wowote wa kujizungusha, muulize mgongo kabla ya kumuuliza matokeo. Maumivu yakizidi siku chache, mwone daktari, usimkande tu na kumrudisha uwanjani.

Ni mwezi wa 3 sasa na hajalalamika tena. Mpira bado unaenda kombo mara nyingi, naye hucheka na kuufuata. Ila sare za shule zimeanza kuwa fupi, na najua fimbo nazo zitafuata.