Risasi Moja kwenye Rejeta

Wageni wakija karakanani huuliza kwanza zile bunduki nane za kwenye mabawa. Sijawahi kusikia mtu akiuliza rejeta. Mimi nashinda na injini za Merlin, na nakwambia ndege nyingi za kivita za Spitfire ziliishia kwenye rejeta.

Chukua N3200, Spitfire ya toleo la Mk I ya Skwadroni ya 19 ya Duxford, Uingereza. Tarehe 26 Mei 1940 iliruka kulinda wanajeshi waliokuwa wakiokolewa Dunkirk, Ufaransa, rubani akiwa mkuu wa skwadroni mwenyewe, Geoffrey Stephenson. Ilikuwa safari ya kwanza ya vita ya ndege hiyo. Walikuta Stuka, ndege za Kijerumani za kudondosha mabomu, zinazokwenda taratibu. Stephenson alifuata mafunzo: akapunguza mwendo, akazisogelea kwa nyuma. Mpiga bunduki wa nyuma wa Stuka hakuhitaji hata kuhangaika na shabaha. Rejeta ikatobolewa, injini ikanoki, ndege ikatua ufukweni Sangatte, karibu na Calais. Stephenson alitekwa, baadaye akafungwa kwenye ngome ya Colditz, Ujerumani.

Rejeta ya Mk I ni moja tu, chini ya bawa la kulia. Chini ya bawa la kushoto kuna kipoza oili. Rejeta iko nje kabisa, bila bamba la kuikinga. Hata bila vita inatutesa: magurudumu yakiwa chini, mguu wa kulia unaizibia upepo, basi ndege inachemsha ikiwa bado ardhini, kama daladala kwenye foleni. Unawasha, unaikodolea macho geji ya joto, mshale unapanda, na rubani bado anangoja ruhusa ya kuingia njia ya kurukia. Juzi ruhusa ilichelewa, tukazima. Watazamaji walinung'unika wee! Afadhali manung'uniko.

Glaikoli ya kupoza injini ikivuja, pua huijua kabla ya macho: harufu tamutamu, kisha mvuke. Chini hapa nakaza klipu ya hosi, nafuta, nawasha tena. Angani, rubani ana dakika chache za kutafuta pa kutua. Injini ya silinda 12 isiyo na maji haibembelezwi.

Mchanga uliimeza N3200 mpaka ilipoonekana tena mwaka 1986. Iliruka tena 2014, na sasa ni mali ya Imperial War Museum, hapo hapo Duxford. Wanasema imefufuka. Mimi nimeshafungua ndege zilizokaa kwenye chumvi: riveti za magnesi unazigusa kwa bisibisi zinatoka unga mweupe, alumini inapukutika mkononi. Ndege ikitoka huko, sehemu kubwa inayorudi angani ni bati jipya lililokatwa kwa michoro ya zamani. Ni kazi safi, lakini tusidanganyane.

Ukienda kuitazama, usiishie kupiga picha kwenye propela. Zunguka upande wa kulia, uiname chini ya bawa.