Madiwani 19 kwa herufi moja

Jamani, leo naungama.

Juzi nilikuwa na orodha mbili mezani: madiwani 31 wa halmashauri moja (siitaji), na wamiliki wa kampuni 12 zilizopata zabuni hapo hapo. Swali langu lilikuwa jepesi: kuna majina yanayojirudia?

Mwenzetu aliyeacha kazi zamani alituachia fanksheni ya lugha ya C. Unaipa majina mawili, inajibu 1 yakifanana na 0 yasipofanana, na makosa madogo ya tahajia inayavumilia. Mohamed na Muhamed haviipigi chenga. Shida ni kwamba aliacha faili lililokwisha kompailiwa tu, lugha ya mashine tupu. Mimi naandika Python. Si neno: tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, Python inakuja na ctypes, inayokuwezesha kuita fanksheni ya C kana kwamba umeiandika mwenyewe. Mistari mitatu tu, ikaitika.

Jibu: madiwani 19 kati ya 31 wamo! Nikauona ukurasa wa mbele. Nikashika simu nimpigie wa kwanza ajibu tuhuma, halafu nikasema ngoja kwanza nisome jozi zenyewe.

Josephine "sawa" na Juma. Halima "sawa" na Hamisi. Jasho likanitoka.

Kumbe katika Python 3, ukilituma jina bila maelezo, ctypes huipa kila herufi baiti mbili au nne, na kwa herufi zetu hizi baiti zinazobaki ni sifuri. C ikikutana na sifuri inajua neno limeisha. Basi ilisoma J, ikaishia hapo. Haikulalamika hata kidogo.

Dawa ni ndogo. Kwanza uitangazie ctypes, kwa argtypes, kwamba fanksheni inapokea maneno ya C. Pili uyageuze majina kuwa baiti kwa encode. Ukishatangaza, siku ukisahau kugeuza itakukatalia papo hapo.

Nikarudia. Kumi na tisa wakawa sifuri. Hakuna habari.

Pale lugha mbili zinapokutana hakuna mkalimani wa kukuuliza "una maana gani?" Usiposema mwenyewe, unajibiwa hivyo hivyo, tena haraka. Na kuna watu 19 ambao hawatajua kamwe walivyoponea chupuchupu.

Wewe je, jibu gani tamu uliwahi kuliamini kabla ya kulikagua?