Godoro la Upepo

Wengi hudhani kwamba adui wa mgonjwa asiyeinuka ni ugumu wa kitanda. Ni kweli nusu. Mfupa ukiilemea ngozi kwa saa nyingi damu hukosa njia, na nyama hufa. Lakini yuko adui wa pili, naye ni unyevu. Ngozi iliyorowa jasho au mkojo hulainika, hukunjamana kama vidole vya dobi, hugandamana na shuka. Mgonjwa akivutwa kidogo, huchubuka.

Shangazi yangu marehemu alipooza nusu ya mwili, akalala miezi saba nyumbani kwake Rusimbi. Tulimnunulia godoro la hewa. Magodoro haya si ya namna moja. Lililo rahisi lina mirija ijaayo na kupwa kwa zamu, ili uzito usikae mahali pamoja, jasho haliligusi. La pili, ambalo Mwingereza John Scales alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1960 na 1970, hupulizwa na pampu bila kukoma, na hewa hupita chini ya kitambaa cha juu. Kitambaa hicho huzuia maji, lakini huruhusu mvuke. Jasho hugeuka mvuke, hukipenya, na hewa huuchukua nje.

Mtu wa Kigoma hapaswi kustaajabu. Dagaa walioanikwa mchangani hukauka upande mmoja. Walio juu ya kichanja cha wavu hupigwa na upepo wa ziwa juu na chini. Shangazi, aliyeanika dagaa Kibirizi tangu usichana wake, alinielewa kabla sijamaliza. “Mwanangu,” alisema, “kumbe mmenianika kichanjani!”

Hata hivyo, juma la kwanza mgongo wake haukukauka. Jirani wema walikuwa wametandika nailoni juu ya godoro kuihifadhi mali ya thamani, na juu ya nailoni shuka mbili na kanga iliyokunjwa. Kwetu kumfunika mgonjwa ni kumhurumia, wala duka lililotuuzia halikusema neno. Hewa ikavuma bure chini ya nailoni. Tulipoyaondoa yote tukabakiza shuka moja nyepesi, wekundu wa kiunoni ulianza kufifia siku ya tatu.

Mkojo godoro haliuwezi. Huo uliondolewa kwa maji, kitambaa laini na mafuta. Kugeuza mgonjwa nako hakukukoma: kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, binamu zangu walipokezana. Umeme ulipokatika na godoro likanywea, walimhamishia kwenye godoro la sponji, mmoja akampepea kwa kipepeo cha ukindu mpaka pampu iliponguruma tena.