Betri Iliyokufa

Gari lina viungo vingi, na kila kiungo kina sifa yake. Injini husifiwa kwa nguvu, magurudumu kwa mwendo, na bodi kwa uzuri. Betri haisifiwi na mtu mpaka siku ya msiba wake. Siku hiyo nguvu haina kazi, mwendo hauna mahali, na uzuri ni pambo la maiti.

Asili ya chombo hiki ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté. Mwaka 1859 alitumbukiza mabamba ya risasi katika asidi, akapata kitu kiwezacho kupokea umeme, kuutoa, na kuupokea tena. Betri ya kawaida ya gari ina vyumba 6, kila kimoja hutoa kama volti 2, na jumla yake ni volti 12.

Vifo vya betri ni viwili. Cha kwanza ni mfano wa usingizi: taa imesahauliwa usiku kucha, na asubuhi ufunguo unapozungushwa hujibiwa na mlio mdogo tu. Cha pili ni kifo cha kweli: mabamba yamechakaa kwa umri, na joto kali, kama la pwani, huharakisha siku yake.

Usingizi huamshwa kwa msaada wa jirani. Zamani dereva aliwasha gari kwa kuzungusha hendeli. Starta ya umeme ilipotiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, mkono wake ulipumzika, lakini akawa mtumwa wa betri. Akikwama leo, hana budi kumwomba mwenye gari jingine lenye betri ya volti zile zile. Waya wa kwanza huunganisha chanya ya betri iliyokufa na chanya ya betri nzima. Waya wa pili hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini iliyokataa kuwaka, mbali na betri. Utaratibu huu si urembo. Betri hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja yaweza kuipasua na kumrushia mtu asidi machoni. Ukarimu usio na maarifa waweza kumpofusha mkarimu.

Kifo cha pili hakina dawa. Betri iombayo msaada kila asubuhi imekwisha, na mwenyewe huiuza kwa bei ya chakavu akaisahau. Lakini risasi haiozi. Huyeyushwa ili itumike tena, na uyeyushaji ni jambo jema ukifanywa kwa uangalifu, na ni msiba ukifanywa kwa tamaa.

Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, wanaujua msiba huo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Sumu hiyo huidhuru akili inayokua, na madhara yake hayafutiki. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, aliwaongoza wenzake kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Upeo ya Kenya ikaithibitisha fidia hiyo. Fedha yaweza kununua dawa. Haiwezi kununua utoto uliopotea.

Kwa hiyo mwenye gari ana majirani wawili. Wa kwanza humwona kwa macho, humwomba nguvu, na humshukuru kwa jina. Wa pili hamjui: ni yule alalaye karibu na tanuru ambamo betri yake itayeyushwa. Wa kwanza ni rahisi kumkumbuka, maana haja humkumbusha. Wa pili hukumbukwa kwa dhamiri tu. Yapasa basi muuzaji wa betri kuukuu, kabla ya kuuliza itanunuliwa kwa kiasi gani, aulize itapelekwa wapi.