Swali la Nwanyeruwa

Muhula uliopita, chama chetu kilipokuwa kikisoma Shujaa Okonkwo, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kueleza usuli. Kwa wanachama wapya: hiyo ni riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Ndulute. Nilijiandaa usiku mmoja tu (mwalimu anisamehe), nikasimama na hoja moja: kabla ya Mzungu, mwanamke wa Kiigbo alipika, akazaa, akanyamaza. Ukoloni uliua dini yake, lakini angalau ulimfungua mdomo.

Jirani yangu wa bweni, dada wa Kiigbo, alikuwa amekuja kula sambusa zetu, na mtu alikuwa akimtafsiria kwa kunong'ona. Nilimwona akiacha kutafuna.

Tulirudi pamoja kwenye theluji. "Umesoma habari za Okonkwo," akaniambia, "ukadhani umesoma habari za mama zetu."

Waigbo wengi hawakuwa na wafalme. Mambo yaliamuliwa kwenye mabaraza, na wanawake walikuwa na mikutano yao: ya wake wa kijiji, na ya mabinti wa ukoo, hata walioolewa mbali. Mume akizidi kumtesa mkewe, wanawake walimwendea nyumbani kwake, wakamwimbia nyimbo za kumsuta, wakagonga kuta kwa michi, pengine wakabomoa paa, mpaka aombe radhi. Huko kuliitwa kumkalia mwanamume. Watu wa Pwani tunajua kusuta, ila sisi paa tunaliacha.

Waingereza walitaka machifu pasipokuwa na machifu, wakawapa wanaume hati. Mwanamke kama Ahebi Ugbabe wa Enugu-Ezike, aliyepata hati hiyo, alikuwa nadra sana. Novemba 1929, huko Oloko, karani wa kuhesabu watu alimkuta Nwanyeruwa akikamua mawese, akamtaka ahesabu mbuzi, kondoo na watu wake. Wanaume walikwisha kuanza kutozwa kodi, kwa hiyo alijua kuhesabiwa kunaelekea wapi. Akamuuliza: je, mama yako yeye alihesabiwa? Wanawake wakapelekeana makuti ya mchikichi kijiji hadi kijiji, Waigbo na Waibibio, maelfu kwa maelfu, wakawakalia machifu. Zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi. Serikali iliandika "ghasia za Aba". Wenyewe wanasema vita vya wanawake.

Nilichoona haya zaidi kilikuwa kitabuni mwangu mwenyewe. Okonkwo anampiga mkewe katika juma la amani, na kuhani wa Ani, mungu wa kike wa ardhi, anamtoza faini. Chielo, kuhani mwanamke, anamchukua binti yake usiku na shujaa wetu hawezi kumzuia. Nilikuwa nimezipita kurasa hizo kama mtu anayetafuta basi.

Kufika mlangoni nilikwisha kupata hoja mpya: kumbe ukoloni ulibomoa kila kilicho chema! Akanikatiza. Mama wa bibi yake alikuwa osu, yaani mtu wa ukoo uliowekwa wakfu kwa mungu fulani. Osu walitengwa, na waungwana hawakuoana nao. Misheni ndiyo iliyomwambia, njoo ukae hapa mbele. "Kwa hiyo usiniharakishe kulia," akasema.

Kisha, akitafuta ufunguo, akaongeza kwamba mwaka jana mchumba wake alimpeleka kwao. Watu wa kanisa hasa, baba ni mzee wa kanisa. Wakauliza ukoo wake. Posa ikaishia hapo.

Sikuwa na hoja ya tatu.

Ijumaa iliyofuata niliomba dakika kumi nijisahihishe. Nilieleza habari za Oloko, nikasoma tena ukurasa wa ile faini. Habari ya posa sikuigusa. Ameniruhusu niiandike hapa bila jina lake. Alikuwa amekaa nyuma na sambusa yake, na nilipolitaja jina la Nwanyeruwa, alimwashiria mkalimani wake anyamaze.