Usiku wa Baridi Magamba: Adapta Haibadilishi Umeme

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, tuliitimiza ahadi ya siku nyingi tuliyowapa watoto: kwenda kulala katika mahema kwenye milima ya Usambara. Tuliondoka Dar es Salaam baada ya swala ya Alfajiri, sisi wazazi, bibi yao na watoto watatu, tukapita Chalinze, Segera na Korogwe hata tukafika Mombo, ambako barabara huiacha tambarare na kuanza kupanda. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini mtu hujiona kama anayeingia nchi nyingine. Joto na mashamba ya mkonge hubaki chini; mbele huonekana migomba, vijibustani vya kabichi na karoti vilivyoning'inia kwenye miteremko, na ukungu uliolala juu ya miti.

Lushoto tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama alivyoruhusiwa msafiri, kisha tukaendelea hadi ukingoni mwa msitu wa Magamba. Wakati tukisimamisha mahema, watoto waliitafuta Kibla kwa simu. Bibi yao hakuhitaji simu. "Jua likizama mkono wenu wa kushoto, mmeelekea kaskazini," aliwaambia. "Kutoka huku Makka iko kaskazini, mkiegemea mashariki kidogo." Simu nayo ilisema hivyo hivyo.

Kambi ile ilikuwa na banda la kupikia lenye soketi moja ya matundu matatu ya mraba, kama zilizo nyingi majumbani kwetu. Tuliifurahia, kwa kuwa tulibeba chaja za simu, taa, na kitu kimoja cha thamani kuliko vyote: nebulaiza, mashine ya kumvutisha mgonjwa wa pumu dawa kwa mvuke. Shangazi yao aliileta kutoka Marekani kwa ajili ya mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka saba. Nyumbani hatukuwahi kuitumia, maana hospitali iko jirani. Plagi yake ilikuwa na miguu miwili bapa isiyoingia katika soketi zetu, hivyo kabla ya safari tulinunua adapta. Ikashikana na plagi vizuri, nasi tukaona tumekwisha kujiandaa.

Yapata saa nane usiku, baridi ikiwa kali, mtoto aliamka akikohoa, kifua kikipiga filimbi. Tulimbeba hadi bandani, tukatia dawa, tukachomeka mashine. Ilinguruma kupita kiasi, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Mvuke haukutoka tena. Katika ukimya ule tulisikia pumzi za mtoto tu.

Alhamdulillah, mama yake alikuwa amebeba pia pampu ya kupuliza na chupa yake, akampa dawa kama alivyofundishwa na daktari. Mlinzi wa kambi, mzee wa Kisambaa, alikuja na tochi. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Wanangu, msingoje kukuche. Twendeni, nitawaonesha njia." Akapanda gari pamoja nasi hadi hospitali. Adhana ya Alfajiri iliposikika, mtoto alikuwa amelala, anapumua kwa utulivu.

Asubuhi tuliipeleka mashine kwa fundi mjini Lushoto. Hakuifungua kwanza. Aliigeuza chini juu, akatuonesha kibandiko ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisoma: volti 120, hezi 60. "Umeme wetu ni volti 230, hezi 50," alisema. "Mmeipa karibu mara mbili ya inachoweza kubeba. Hii adapta kazi yake ni kubadili miguu ya plagi ipate kuingia ukutani. Umeme unaopita ndani yake ni uleule."

Tulitamani kumlaumu muuza duka, lakini yeye aliuza tulichoomba. Kosa lilikuwa letu. Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kusoma kibandiko.

Basi msomaji anayejiandaa kupiga kambi na ageuze kila chombo kabla ya kukifunga mkobani. Chaja nyingi za simu na kompyuta zimeandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50/60. Hizo zinahitaji adapta ya plagi tu. Chombo kilichoandikwa 120 peke yake kinahitaji transfoma ya kupunguza umeme, yenye wati zinazozidi zile za chombo chenyewe. Hata hivyo, transfoma haibadilishi hezi, na mashine yenye mota huweza kwenda polepole na kupata joto. Kwa chombo cha tiba, salama zaidi ni kununua cha volti 230.

Wanaotegemea betri ya gari ya volti 12 kwa kutumia inveta nao wapige hesabu. Birika la wati 1,500 hudai zaidi ya ampea 125, mzigo ambao betri ya kawaida haiwezi kuuhimili kwa muda mrefu. Maji ya chai na yachemshwe motoni. Tena tuiache ile desturi ya kusukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili ipate kuingia. Tundu lile ni la waya wa ardhini, na vizuizi vya matundu ya chini vimewekwa kwa ajili ya usalama wetu. Waya wa ekstensheni nao usilazwe kwenye majani yenye umande. Juu ya yote, kila chombo kijaribiwe nyumbani kwanza, na pampu ya mgonjwa isiachwe kwa kutegemea mashine.

Tulibaki Lushoto usiku mmoja zaidi, safari hii chini ya bati, karibu na hospitali. Kabla ya kulala, bibi alikusanya chaja zote mkekani. Mgonjwa wetu alishika tochi, akazigeuza moja moja, akasoma kwa sauti: "Mia moja hadi mia mbili arobaini." Bibi akaitikia, "Hiyo chomeka."